Okidi Iliyoota kwenye Gogo Kavu

Juzi jirani yangu hapa Mbweni aliniita nikamwangalizie ua alilonunua mjini. Ilikuwa okidi, imenyong'onyea ndani ya chungu cha udongo mweusi uliolowa chapachapa. Mizizi ilishaanza kuoza. Nilipomwambia tuitoe kwenye udongo, akaniuliza sasa tuipande wapi. Nikacheka, maana hata mie niliwahi kudhani kila mmea lazima uwe na udongo, nikiwa na miaka kumi, kule Chanika.

Chanika ya wakati ule ilikuwa na mikorosho mingi kuliko nyumba. Niliishi na bibi yangu mzaa mama, aliyekuwa akiuza kisamvu cha kutwanga. Asubuhi nilifagia uwanja, nikanywa chai ya rangi na muhogo wa kuchemsha, ndipo nikaenda shule. Msimu wa korosho, moshi wa kuzichoma ulinasa mpaka kwenye sare.

Siku moja mtu aliyenunua kiwanja jirani na kwetu akauangusha mkorosho mkubwa. Nilikwenda kuokota kuni, nikaona juu ya tawi vimmea vitatu, kila kimoja na majani machache manene yasiyozidi kidole changu, na mizizi ya rangi ya fedha iliyoganda kwenye gome. Viwili nikavibandua nikavipanda kwenye kopo la udongo, nikavimwagilia asubuhi na jioni. Haikupita wiki mbili, vyote vikaoza. Cha tatu nilikiacha juu ya kipande cha gome lake, nikakipeleka kwa mwalimu wa sayansi.

Mwalimu yule tulimheshimu sana, na tulimwogopa. Alikitazama mara moja tu, akaliambia darasa kwamba hicho ni kimelea, kinanyonya miti mpaka inakufa, nikakitupe. Darasa zima likacheka. Sikukitupa; nilifika nyumbani nalia, nacho mkononi.

Bibi hakunibembeleza. Aliendelea kutwanga huku akinisikiliza, kisha akaweka mchi chini.

"Ule mkorosho ulizaa mpaka siku ya shoka," alisema. "Kama kilikuwa kinaunyonya, mbona haukukauka? Kifunge kwenye mti uliokufa. Kikifa, mwalimu kasema kweli. Kikiishi, tutamwita aje aone."

Tukatafuta gogo kavu. Bibi akachana ukanda wa kanga kuukuu, tukakifunga taratibu bila kukibana, chini ya mizizi tukaweka makumbi ya nazi ili yashike unyevu kidogo. Tukalitundika gogo chini ya paa la jiko la nje, upande unaopata jua la asubuhi na kivuli cha mchana. Kuhusu maji, mizizi yenyewe ndiyo iliyonifundisha. Ukiinyunyizia inageuka kijani. Ikikauka inarudi kuwa ya fedha, na hapo ndipo inataka tena. Kiangazi nilinyunyizia kila asubuhi. Masika sikugusa, niliiachia hewa ya mvua.

Kwa miezi mingi hakikufanya lolote ila kuishi. Kisha likatoka jani jipya. Masika yalipokwisha kikachomoza kikonyo chembamba kama uzi, na juu yake maua matano madogo, meupe, kila moja na mkia mrefu nyuma. Mchana hayakunukia. Jua lilipozama, harufu yake ikajaa uwanja mzima.

Bibi akajifunga kanga akaenda shule mwenyewe kumwomba mwalimu apite kwetu jioni. Mwalimu alikuja, akamwamkia bibi shikamoo, akainama akanusa. Kisha akalikwaruza gogo kwa ukucha. Likatoka unga mkavu. Akanywa chai, akaaga.

Kesho yake alisimama mbele ya darasa.

"Niliwaambia mmea wa mwenzenu ni kimelea," alisema. "Nilikosea. Ni okidi. Unajishikiza tu kwenye mti, chakula unajitengenezea wenyewe. Mwenzenu amenionyesha."

Akanipa chaki, akaenda kukaa dawati la nyuma. Nikaeleza yote, gogo, makumbi, kivuli, mizizi inayobadilika rangi, na waliokuwa wamenicheka wakaandika kwenye madaftari.

Wiki ile bibi alichelewa kurudi kila siku. Kumbe kila mlango aliouza kisamvu alikaa akisimulia jinsi mjukuu wake alivyomfundisha mwalimu.

Sasa pale kwetu pana nyumba za kupanga, ukuta kwa ukuta. Mikorosho imekwisha, na vimmea vyake vimekwenda nayo. Bibi naye hayupo. Nimewafundisha watu wengi kufunga okidi tangu siku ile, hata jirani yangu juzi, na wananisifu. Ila siku hizi nikisifiwa, hakuna tena mtu wa kuzibeba habari zangu mlango kwa mlango, na ungo wa kisamvu kichwani, mpaka asahau kwamba alitoka kwenda kuuza.