Salamu Niliyoikatiza

Siku hiyo naikumbuka, mwanangu, hata nguo nilizovaa nazikumbuka. Ilikuwa Jumamosi, adhuhuri imekwisha kuswaliwa, nami nimesimama kwenye njia kuu ya Mombasa na suruali nyeupe iliyopigwa pasi mpaka ukiigusa mkunjo wake waogopa kujikata. Umri wangu ulikuwa miaka ishirini na kitu. Mkononi saa, kichwani mafuta ya nywele, na miguuni viatu vilivyonibana sana, ila sikuthubutu kusema vinanibana, kwa kuwa wenzangu wawili walivaa vile vile na hawakulalamika. Leo nacheka nikikumbuka. Siku ile sikuona la kuchekesha.

Ngoja kwanza nikueleze nilifikaje pale. Kwetu ni Msambweni, upande wa Kwale. Baba alifariki nikiwa mdogo, nikalelewa na mama yangu, Mejumaa, pamoja na kaka yake, Mjomba Bakari. Na kwetu sisi Wadigo mjomba si mtu wa kando, ana kauli juu ya mpwawe kuliko hata baba mzazi. Miaka ile ya hamsini vijana walikuwa wakivuka feri ya Likoni kwenda kutafuta kazi mjini, nami nikavuka. Nikapata utarishi katika ofisi moja: kupeleka barua, kubeba mafaili, kuchemsha chai. Nikapanga chumba Majengo, nikaanza kuusoma mji.

Mji una masomo yake, na si yote mabaya. Ulinifunza kufika kazini kwa wakati, ukanifunza kusoma gazeti, ukanifunza kukaa na watu wa kila namna bila ya kuulizana ukoo. Lakini somo la kwanza kabisa, ambalo hakuna aliyenifundisha kwa mdomo, lilikuwa la salamu. Kwetu ukikutana na mtu njiani mnasimama. Unamuuliza hali yake, ya nyumba yake, ya watoto, ya shamba, ya ule mnazi uliopigwa na radi, naye anakuuliza yako, na kila swali lina jibu lake lile lile: njema. Mjini niliona watu wanapita. Mmoja anasema "Salama?" mwingine anasema "Salama," na hapo hapo wamekwisha kupeana migongo.

Mwenzangu wa kazi, Saidi, mzaliwa wa mjini, alikuwa hodari wa kutuigiza sisi watu wa Kwale. Alikuwa akijishika kiuno kizee-kizee, akiuliza habari za kuku mmoja mmoja kwa jina lake, na ofisi nzima ikiangua kicheko. Nami nilicheka, tena kwa sauti kuliko wote, ili isijulikane nimetoka ng'ambo gani ya feri.

Wahenga walisema, ukenda kwa wenye chongo, nawe fumba lako jicho. Maneno ya kweli. Mimi nililifumba langu hata nikasahau kwamba ninalo. Mwaka haukwisha, nikawa naamkia watu kwa kuinua kidevu. Nilikihama chumba cha kwanza kwa sababu mwenye nyumba alikuwa mtu wa Kinondo, jirani na kwetu, aliyejuana na mama. Kile cha pili sikumwambia mtu yeyote wa kwetu kilipo.

Basi Jumamosi ile mimi, Saidi na mwenzetu mwingine tulikuwa tumeshona nguo za sare, tumeagana kwenda kupigwa picha saa nane. Tunakaribia mlango wa mpiga picha, nikasikia naitwa kwa jina langu la nyumbani. Kugeuka, ni Mjomba Bakari. Alikuwa amepitia ofisini, bawabu akamwelekeza tulikoelekea. Amevaa kanzu yake ya Ijumaa, miguu imejaa vumbi, na makubadhi ameyashika mkononi kwa sababu hakutaka yachakae kwenye lami.

"Shikamoo, mjomba," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo, alhamdulillahi."

"Na mama?"

"Mamako hajambo," akasema, kisha akavuta pumzi. "Nawe u hali gani? Habari za siku nyingi?"

Nyuma yangu nikamsikia Saidi anakohoa, kile kikohozi chake cha kuzuia kicheko. Masikio yakaniwaka moto. Nikaitazama saa.

"Njema, mjomba, ila nina haraka, wenzangu wananingoja. Mwambie mama nitakuja mwisho wa mwezi, inshallah."

"Mwanangu, bado hatujaamkiana," akasema kwa sauti ya chini.

"Tutaamkiana siku nyingine, mjomba."

Nikamwacha amesimama pale na makubadhi yake mkononi. Picha ilitoka nzuri, ninayo hata leo. Tumesimama watatu, tumefanana suruali, tumefanana viatu, na mimi wa katikati ndiye niliyechanua meno kuliko wote. Siipendi, lakini sijaichana.

Najua utaniuliza, wewe uliyezaliwa wakati wa simu: kwani mzee yule hakuwa na ulimi? Si angelisema tu? Sikiliza, mwanangu. Kwetu habari nzito haitupwi njiani mtu akiwa wima. Ukiulizwa habari unajibu njema kwanza, hata kama umeacha nyumba inaungua, na wala jibu hilo halihesabiwi kuwa ni uongo. Unampa mwenzako nafasi ya kujishika. Mkimaliza salamu mnakaa, anapewa maji, anakunywa, ndipo unamwambia: njema, lakini kumetokea jambo hili na hili. Hilo kila mtoto wa kwetu analijua, na mimi nilikuwa nalijua tangu sijaota meno ya pili. Ndiyo maana mpaka leo sina wa kumlaumu.

Jumatano asubuhi mchuuzi mmoja wa nazi, mtu wa kwetu ambaye siku yake ya kuvuka feri ni Jumatano, akanikuta mlangoni pa ofisi. Akaniamkia polepole mpaka mwisho, nami safari hii sikumkata. Kisha akasema, "Mjomba wako anakuita." Sikumuuliza zaidi. Niliomba ruhusa, nikavuka feri, nikapanda basi.

Kutoka basi linaposimama mpaka nyumbani ni mwendo mfupi tu, lakini siku ile nilikutana na watu wengi, na wote walisimama. Bibi mmoja alitua tita lake la kuni chini ili aniamkie vizuri. Habari za Mombasa? Njema. Habari za huku? Njema, mwanangu. Hakuna aliyenipita, na kila aliyesema njema aliisema taratibu kuliko desturi. Kabla sijafika kwetu nilikwisha kujua.

Uani nikawakuta wanaume wanakunja mikeka ya hitima ya siku ya tatu. Mjomba akaniashiria nikae karibu yake. Nikamwamkia, akaitikia. Nilidhani atanikaripia mbele ya watu, na ningelishukuru. Yeye akaendelea na salamu kuanzia pale nilipomkatiza.

"Kazi nayo yaendaje?"

"Njema, mjomba."

"Na wale rafiki zako, hawajambo?"

"Hawajambo."

"Hicho chumba ulichohamia, chakufaa?"

"Chanifaa."

"Na afya yako?"

"Njema," nikasema, na machozi yamenifika kidevuni.

Hakuruka hata swali moja. Hakuwa na ukali usoni, wala hakuharakisha. Alipomaliza akaagiza niletewe maji, akangoja niyamalize, ndipo aliponiambia, "Mamako ametutangulia, mwanangu. Jumatatu alfajiri."

Nililia kama mtoto, na sikuona haya.

Baadaye alinieleza yote. Mama alikuwa na homa ya wiki mbili, na Jumamosi ile mjomba alikuja kunichukua. Nilipomwacha alizunguka Majengo yote mpaka alasiri akiuliza ninakokaa. Hakuna aliyejua. Akarudi, maana hakutaka dadake alale peke yake.

"Akaniuliza, umemwona?" mjomba akasema. "Nikamwambia nimekuona, u mzima, umenawiri, na unakuja. Sikumwambia zaidi. Akafurahi. Jumapili kutwa hakutaka mlango wa mbele ufungwe."

Nikamuuliza kama mama ameniachia radhi.

"Amekuachia, usitie shaka. Alinitamkia mimi, nami nakutamkia wewe. Lakini alikuwa na maneno mengine, akasema hayo atakwambia mwenyewe. Sikumuuliza ni maneno gani. Hayakuwa yangu."

Mwanangu, tangu siku ile nimeoa, nimezaa, nimemzika hata mjomba mwenyewe, na maneno yale siyajui. Nimeyakisia miaka yote. Pengine yalikuwa makubwa. Pengine alitaka tu kunionyesha minazi yangu ni ipi, au kunihimiza nile vizuri, maana mama ndivyo walivyo. Wasema majuto ni mjukuu, huja kinyume. Wangu mimi amekuja zamani, na tumezeeka pamoja.

Na nikwambie jambo moja ambalo liliniuma kwa namna yake. Wiki ile ile Saidi alivuka feri kuja kunipa pole. Alikaa kutwa. Aliwaamkia wazee wetu mmoja baada ya mmoja, akajibu kila walilomuuliza, na sikumsikia akikohoa. Kumbe muda wote nilimwogopa mtu aliyekuwa akifanya mzaha tu, mtu ambaye kama ningelimwambia, "Huyu ni mjomba wangu, ningojeni kidogo," angelingoja.

Basi nasaha yangu si kwamba usiende mjini. Nenda. Vaa wanavyovaa, sema wanavyosema, fuata saa zao, maana mgeni hana budi. Lakini usimkimbie mtu wako kwa kuogopa kicheko ambacho mwenyewe atakuwa amekisahau kabla ya magharibi. Wa kwenu wajue unapolala. Na akija mmoja wao akakusimamisha njiani, mzee, mchafu wa vumbi, maneno yake marefu, simama mpaka amalize. Wanaokungoja watangoja. Na kama hawangoji, utawapata wengine.

Mola akuruzuku ya halali popote mguu wako utakapokanyaga. Akulinde na aibu ya kuwaonea aibu waliokulea. Na siku mamako atakapokuwa na neno la kukwambia, akujaalie uwe karibu, umekaa, huna haraka, ulisikie kwa mdomo wake. Amin.