Clang Hatangulii Mkubwa Wake

Jamani, kuna ofisi ambazo hata kompyuta lazima isalimie wakubwa kwanza! Chelagat, msichana wa Saboti anayepanga chumba Tuwan, Kitale, alikuwa kibarua wa ofisi moja ya Bungoma kwa miaka mitatu, akiandika programu ya kupima unyevu wa mahindi. Aliahidiwa hivi: ikifanya kazi mbele ya wageni siku ya uzinduzi, anaajiriwa. Ikikataa, basi tena.

Shida ilikuwa kompaila, ile programu inayogeuza maandishi yako yawe kitu ambacho kompyuta inaelewa. Kitale alitumia kompaila iitwayo GCC, lakini Bungoma walikuwa na nyingine, Clang. Kila kompaila huja na makro, alama za kujitambulisha, ili maandishi yaulize "wewe ni nani?" kabla ya kuchagua njia. Sasa Clang ni mjanja. Ukimuuliza kama yeye ni GCC, anaitika. Dawa yake ni kuuliza kwanza kama ni Clang, na Chelagat aliandika hivyo.

Bosi wake, Mzee Wanyonyi, mtu ambaye hajawahi kuandika hata mstari mmoja, akakagua.

"Mkubwa ni nani hapa?"

"GCC, mzee. Clang alikuja miaka mingi baadaye."

"Na mtoto anatangulia aje? Panga kwa itifaki, bana!"

Chelagat alimeza hasira, akamweka GCC mbele. Asubuhi ya uzinduzi akajaribu kwenye kompyuta ya Bungoma. Clang akaitikia jina la GCC, akapewa njia ya GCC asiyoiweza, makosa yakajaa kwenye skrini. Na wageni hao, wanaingia!

Bahati nzuri pasta aliitwa afungue kwa maombi. Akaombea mvua, kaunti, na magoti ya kila mjane wa Sirisia. Vichwa vyote chini, Chelagat akahamisha mistari miwili. Kufika "amina", programu ilikuwa inasoma unyevu sawasawa.

Makofi! Wanyonyi akasimama kifua mbele. "Si mmeona? Itifaki!"

Uzalendo ukamshinda Chelagat. "Mzee, Clang ndiye wa kwanza. Nimebadilisha sasa hivi, wakati wa maombi."



"Ati wakati wa maombi?" Wanyonyi akauliza. "Ulikuwa umefungua macho?"

Barua ilikuja wiki iliyofuata. Kuhusu Clang haikusema neno. Ilisema ofisi haiwezi kuajiri mtu asiyefumba macho pasta akiomba. Chelagat alilia kwa uchungu. Programu yake iko Bungoma, inapima mahindi kila siku.