Funda la Maji kwa Kulwa

Nilipokuwa mtoto, kijijini Kwihara nje kidogo ya Tabora, nilikatazwa jambo moja ambalo wenzangu hawakukatazwa: kuingia majini kimyakimya. Uwe mto, liwe bwawa, ilinipasa kwanza kupiga funda la maji yake, niyapulize juu ya maji hayohayo, kisha niseme kwa Kinyamwezi kwamba mimi ni pacha. Nisipofanya hivyo, alisema bibi yangu Nyamizi, mama yake baba, maji yatanidhuru mimi au wale niliofuatana nao.

Jina langu ni Doto. Najua siku hizi watu humwita mtoto jina lolote linalowapendeza, lakini kwetu Doto ni pacha wa pili kuzaliwa, wa kwanza ni Kulwa, na mtoto anayewafuata mapacha ni Shija. Dada yangu ni Shija. Kulwa alifariki kabla hatujaanza kutambaa na simkumbuki hata kidogo. Bibi alimzika ukingoni mwa mbuga ya Kalulumo, bonde tambarare linalojaa maji wakati wa mvua, kwenye udongo wenye unyevu, kwa sababu pacha hakuzikwa pakavu. Hakuwekewa jiwe wala msalaba. Nyumbani, kando ya mlango, Bibi alijenga vibanda viwili vya nyasi visivyofika goti la mtu mzima, kimoja changu na kimoja cha Kulwa. Baba alikuwa mzee wa kanisa la Moravian. Alivipita asubuhi na jioni kama mtu asiyeviona. Hakuvibomoa, na vilipoanza kuinama hakuvigusa.

Wageni huja Kwihara kuangalia tembe la zamani, nyumba ya udongo yenye paa bapa, na kuuliza misafara ya pembe za ndovu ilipita wapi. Ilipita hapo, na ukiifuata njia yake utaona mahali inapopinda ghafla bila kilima wala jabali. Wapagazi walikuwa wanaikwepa Kalulumo. Sisi watoto tulichunga mbuzi hadi mwisho wa mashamba ya mtama, tukaishia hapo.

Mwaka wangu wa mwisho katika shule ya kijiji aliletwa Mwalimu Gervasi, mtu wa mbali, mwembamba, aliyependa viumbe kwa moyo wote. Nasema hivyo kwa sababu ni kweli. Alikuwa anaweza kusimamisha somo la hesabu ili tumtazame nyigu akijenga. Aliposikia kuna mbuga ambayo hakuna aliyeichunguza, aliamua tukakusanye mimea na wanyama wake kwa ajili ya chumba cha maonyesho cha shule. Tukaondoka Jumamosi moja asubuhi, mwishoni mwa masika, na madebe, vikapu, na wavu alioushona mwenyewe kwa kipande cha chandarua.

Miti ya miyombo iliisha mara moja, na mbele yetu kukawa na uwazi wa kijani uliofika upeo wa macho: matete, mafunjo, na katikati yake maji meusi yaliyofunikwa na mayungiyungi. Mwalimu alivua viatu, akakunja suruali, akaingia. Alipogeuka akajikuta yuko peke yake. Darasa zima limesimama pakavu, linaniangalia mimi.

Aliuliza kuna nini. Akajibiwa na Maganga, jirani yangu wa dawati, ambaye hakuogopa kitu isipokuwa radi.

"Tunamsubiri Doto, mwalimu. Apige funda kwanza."

Ilibidi aelezwe. Mwanzoni alicheka, na alipoona hakuna anayecheka naye akakasirika. Alitukumbusha tuliyofundishwa juu ya maji, kwamba hayana masikio. Kisha akamwamuru Maganga aingie.

"Mimi nichape hapahapa, mwalimu," Maganga akasema kwa adabu zote. "Kwa mama niko peke yangu."

Mwalimu akatoka majini akaja kwangu. Katika daftari la mahudhurio nilikuwa Yohana, jina la ubatizo, na hakuwahi kuniita lingine. Aliniambia kwa sauti ya chini kwamba shule yetu ingepeleka jina la mtoto mmoja tu kwenye shule ya kati ya Tabora, na kwamba amekusudia kupeleka langu. Mtu wa namna hiyo, alisema, anatakiwa kuwaongoza wenzake. Niingie tu, hatua chache, wenzangu waone, na hofu yote itakwisha. Hakuwa na ubaya. Nakumbuka mguu wangu ulikuwa umeshainuka.

Ndipo akaongeza: "Hakuna mtu humo."

Angesema hakuna pepo, ningemtii, maana mambo ya mapepo shule ilikuwa imeshaanza kunitoa. Lakini mtu alikuwamo. Bibi alinionyesha mahali penyewe, pale matete yalipokutana na kichuguu cheupe. Mwalimu alikuwa ananiomba nipite juu ya ndugu yangu mbele ya watu kana kwamba hakuzaliwa. Nikainama, nikateka maji kwa viganja, nikajaza mashavu.

"Meza," akasema mwalimu.

Yalikuwa na ladha ya matope na kutu. Akaniuliza nani amenifundisha upuuzi huo. Akaniuliza kama nataka kuchunga mbuzi mpaka nizeeke. Akaniuliza kama mimi ni Mkristo au si Mkristo. Sikuweza kujibu hata moja, na pale pale, mtoto nilivyokuwa, nikatambua kwamba hiyo ni bahati yangu: mwenye funda mdomoni hawezi kulazimishwa kusema asilotaka. Nilimtazama usoni tu, nikipumua kwa pua. Nyuma yangu mtu mmoja alinong'ona kwamba huyu akipiga chafya tumekwisha, na kicheko kikazuiwa kwa viganja.

"Kulwa yuko wapi?" mwalimu akauliza. "Nionyeshe. Huwezi. Basi meza, Yohana, na jina lako litakwenda Tabora."

Niliyapuliza. Sikumpulizia yeye, ingawa watu wa Kwihara husimulia hivyo mpaka leo. Niliyapuliza juu ya maji, nikasema maneno yangu ya siku zote, halafu nikaongeza mengine ambayo Bibi hakunifundisha.

"Kulwa, ni mimi. Nimekuja na wenzangu."

Waliingia kwa kishindo kama mbuzi waliofunguliwa zizi. Siku ile bado ninayo yote. Tulimchimbua kamongo mahali ambapo maji yalikuwa yameanza kurudi nyuma, samaki aliyetuangalia huku anavuta hewa kama mzee mwenye pumu. Tulimwona kulastara, ndege wa miguu mirefu, akiwa hatua chache kutoka kwetu, hana habari. Na mbali kidogo, kati ya mafunjo, tulimwona nzohe, swala wa majini, amezama mpaka shingoni na pua tu imeelekea juu. Mwalimu alimwona wa kwanza. Alitushika mabega mmoja mmoja kutuelekeza, na aliponifikia mimi alinishika vilevile. Hakuna aliyepatwa na jambo isipokuwa Maganga, aliyetoka na ruba kwenye shavu la mguu akadai kwamba mimi ndiye niliyepuliza vibaya.

Jioni mwalimu aliliambia darasa: mmeona, hakuna lililotokea, kwa hiyo hapakuwa na kitu. Nyumbani Bibi akasema: umeona, hakuna lililotokea, kwa sababu ulisema. Kila mmoja alikwenda kulala ameshinda.

Jumatatu jina lililopelekwa lilikuwa la mtoto mwingine. Mwalimu Gervasi alikuwa mtu wa kutimiza neno lake, na alimwita Baba kumweleza sababu. Baba alirudi, akanawa, akala. Bibi alikaa tayari kwa ugomvi, sisi watoto tukawa tunatafuna kwa hadhari. Baada ya kula Baba alichukua mundu akaenda zake, akarudi na tita la nyasi, akapiga magoti kando ya mlango na kuanza kuezeka kibanda kimoja.

"Hiki kilikuwa kinavuja," akasema.

Kilikuwa cha Kulwa.

Mwaka mzima nililima karanga. Mwaka uliofuata alikuja mwalimu mwingine akapeleka jina langu, nikasoma, nikaajiriwa idara ya misitu, na kazi ikanipitisha kwenye mito ya Wala, Ugalla na Malagarasi. Sikuvuka hata mmoja bila funda. Mabwana wa Kizungu walitabasamu, na waliorithi vyeo vyao, watu wetu wenyewe, walicheka zaidi. Mmoja aliniuliza mbele ya vibarua kama vyeti vyangu ni vya kweli. Nilimaliza, nikafuta mdomo, nikamwuliza kama tunaweza kuendelea na safari.

Sijawahi kusema kwamba maji yanasikia, na sijawahi kusema kwamba hayasikii. Ninachosema ni kwamba tulizaliwa wawili. Kulwa hakubatizwa, hakuandikwa popote, na Bibi, Baba na Mama wameshaondoka. Nikinyamaza mimi, Mwalimu Gervasi atakuwa amesema kweli kwamba hakuna mtu humo.

Mwaka jana mjukuu wangu Rehema, anayesomea mimea chuo kikuu, aliniomba nimpeleke Kalulumo. Sehemu kubwa sasa ni majaruba ya mpunga, na kichuguu cheupe kimesawazishwa na trekta. Mayungiyungi bado yapo upande wa magharibi. Rehema alikuwa amevaa viatu vya mpira, simu mkononi, na mguu mmoja tayari umo majini aliponiona nainama kwa shida, nimeshikilia mkongojo.

"Babu, na kusoma kote huko? Bado unaamini haya mambo?"

Mashavu yangu yalikuwa yameshajaa. Nilimtazama, nikipumua kwa pua. Akasubiri jibu, halafu akaitia simu mfukoni, akaurudisha mguu wake nyuma, pakavu, akasimama hapo mpaka nilipomaliza.