Mama Viraka na postikadi iliyosafiri bila bahasha

Saa mbili asubuhi pasi imeshapata moto na Mama Viraka ameshaunguza kidole. Anakitia mdomoni, anacheka, anaendelea. Mbele yake, kwenye meza ya chakula ambayo familia hii imeacha kulia tangu mwaka jana, kuna vipande vya vitambaa: anga la bluu iliyopauka, kilima cha kijani, na paa jekundu dogo kama ukucha.

"Usinione hivi, mgeni wangu," anasema. "Siku nyingine mimi ni mtu mtulivu kabisa. Leo roho iko juu juu."

"Muongo huyo," anadakia wifi yake, dada mkubwa wa mumewe, anayechomoa nyuzi kwenye vitambaa, ameketi dirishani. "Tangu nimfahamu hajawahi kutulia. Siku ya harusi yake alikuwa anarekebisha upindo wa gauni langu mimi."

Wanachokisubiri ni postikadi moja. Mama Viraka ameishona mwenyewe, akaiandikia anwani yake mwenyewe, na sasa wiki ya pili inakwisha ikiwa njiani bila bahasha, imechanganyika na barua za watu wenye akili zao. Ikifika salama leo, mwenye duka la vitabu atazichukua kadi zake kwa msimu wa likizo. Isipofika, leo jioni anafunga oda zake, na Mama Viraka anarudi kwenye kupindia suruali.

Kadi zenyewe hazifanani na kitu kingine chochote dukani. Juu kuna picha ya vitambaa, chini kuna kitambaa cheupe cha kuandikia, na katikati amelaza pamba nyembamba pamoja na kile kitambaa kigumu kinachotiwa ndani ya kola za mashati. Kisha anapitisha cherehani juu ya tabaka zote kwa pamoja. Pale uzi unapopita panabonyea, pale usipopita panainuka, na ghafla kilima kinakuwa kilima kweli.

"Gusa," anaamuru. "Usiangalie tu. Gusa!"

Ukingoni anazungusha mshono wa zigizaga uliobanana, ili tabaka zisiachane. Kadi moja anaiuza kwa bei ya kupindia suruali mbili, na inamla muda wa suruali tano. Hesabu hiyo mumewe, ambaye ni mlinzi wa shule, amemfanyia mara nyingi bila kuombwa.

Yote yalianza binti yao alipokwenda chuo cha mbali. Siku yake ya kuzaliwa ilipokaribia, mama alikuwa hana zawadi, ila alikuwa na sare ya binti huyo ya shule ya msingi, imechakaa na imejaa wino. Akaikata, akashona nyumba yao kwenye kadi, mlango na madirisha, akaituma ndani ya bahasha. Binti akapiga simu analia na kucheka kwa pamoja. Wiki iliyofuata, wenzake watatu wa bwenini wakataka za kwao.

Majirani nao walicheka, lakini si kwa namna hiyo. Mtu mzima kuchezea vitambaa! Ndipo jina la Mama Viraka lilipozaliwa, na yeye akalichukua kama alivyolikuta. Sasa analishona kwa herufi ndogo nyuma ya kila kadi.

Aliyemkata maini ni mwenye duka la vitabu. Alizipenda kadi, akazigeuza geuza, kisha akazirudisha mezani.

"Postikadi inayoogopa kusafiri bila bahasha hiyo ni pambo," alimwambia. "Niletee moja iliyopita posta yenyewe, ina muhuri, tuone."

Mama Viraka alitoka pale amefura. Siku hiyo hiyo akashona kadi, akabandika stempu, stempu ikadondoka. Gundi na kitambaa havikuelewana. Basi akafanya ambalo fundi cherehani pekee angelifanya: akaishona stempu kwa mashine, pande zote nne, ikakaa imara kama kifungo.

"Yule dada wa posta aliniangalia," anasimulia, na hapo wifi ameshaanza kucheka kwa sababu hadithi anaijua. "Akaniambia, mama, stempu ikitobolewa hivi ni kama imekwishatumika. Nikamwambia, ndiyo kwanza imefika dirishani kwenu, imetumika saa ngapi? Akaita na wenzake waje waone!"

Dawa aliipata kwa kubahatisha. Alishona kipande kidogo cha karatasi kwenye kona ya kadi, kisha stempu akaibandika juu ya karatasi. Ikashika. Wifi alikuwa anakwenda kumtembelea mjukuu katika mji mwingine, akaibeba kadi kwenye mkoba na kuituma kutoka huko.

"Mtu wa dirishani aliniuliza kama ni kadi au ni kitambaa cha kufutia miwani," anasema wifi. "Nikamjibu, baba, ina anwani, ina stempu, wewe piga muhuri. Akapiga. Lakini kwa huruma."

Saa tatu na kitu geti linalia. Mlinzi amerudi kutoka lindoni, na kwa kuwa familia inatumia sanduku la barua la shule, ndiye mwenye habari. Anaingia polepole, mkono mmoja nyuma. Anamkabidhi mkewe bili ya maji.

"Mume wangu, nitakuua mbele ya mgeni," anasema Mama Viraka.

Mlinzi anashindwa kujizuia. Anatoa mkono uliokuwa nyuma, na kelele inayopigwa humo ndani inamwamsha mtoto wa jirani. Imefika! Mama Viraka anaizungusha kadi hewani, anaibusu, anamkumbatia wifi na mkasi bado uko mkononi. Kadi imechafuka, muhuri mweusi umepigwa katikati ya anga la bluu, lakini imefika.

Kisha anaipapasa ukingoni. Kidole kimesimama kwenye kona ya chini.

Mshono wake pale uliachia njiani. Zigizaga imefumuka urefu wa kucha mbili, na pamba ilikuwa inachungulia. Ila haichungulii tena. Mtu ameirudishia ndani na kuifunga kwa mkono, kwa uzi mnene mweupe uliopakwa nta, mishono minne mikubwa, na fundo lake limefichwa chini.

"Huu uzi naujua," anasema mumewe, akiinama. "Ndio wa kushonea ile mifuko ya turubai ya barua, inapopasuka."

Mama Viraka anakaa chini. Ameshona miaka ishirini na hakuna mtu aliyewahi kumshonea kitu. Machozi yanamlengalenga na haoni haya.

Wifi ndiye anayekumbuka duka. "Fumua haraka, ushone vizuri. Akiiona hiyo kona, oda umeikosa."

"Sifumui."

"Wifi!"

"Nikifumua nitakuwa nimemfuta mtu. Mwenye duka aione hivyo hivyo." Ameshavaa viatu, ameshafika mlangoni, na wifi anapiga ukelele kwamba pasi bado inawaka.

Dukani, mwenye duka anashusha miwani kutoka kwenye paji la uso. Anasoma muhuri. Anapapasa kilima. Anafika kwenye kona.

"Hapa iliachia."

"Iliachia," anakiri Mama Viraka.

"Nani kaishona?"

"Simjui, mzee wangu. Mtu wa huko njiani, posta."

Mwenye duka anautazama ule uzi, kisha anaanza kucheka hadi tumbo linatikisika. "Yaani wameikuta mbovu, badala ya kuitupa wakaitia sindano? Niletee mia moja. Lakini kona!"

"Kona nitazipitishia mara mbili, na nitaziviringisha zisiwe na ncha ya kunasa."

Mwenye duka anaiomba ile iliyosafiri, aiweke kwenye kioo cha mbele. Mama Viraka anaikumbatia kifuani. "Nyingine zote chukua. Hii hapana."

Mchana huo huo cherehani inanguruma tena. Mipango ni mingi: wifi atakuwa mkataji, binti atauza chuoni, na mlinzi ameahidi kuacha hesabu za suruali. Lakini kadi ya kwanza si ya duka. Ina picha ya mfuko wa posta, wa kijivu, na kiraka chekundu. Nyuma yake ameandika: "Fundi mwenzangu, nimeuona mshono wako. Asante." Anwani ni yake mwenyewe, ile ile. Wifi ataibeba mwisho wa mwezi aitume kutoka mji ule ule, ipite njia ile ile, mikononi mwa watu wale wale.

"Na akiwa hayupo zamu?" anauliza wifi. "Akiwa hakuiona?"

"Ataiona."

Mama Viraka anashona ukingo, kona ya kwanza, ya pili, ya tatu. Hapo anaondoa mguu kwenye kanyagio, anakata uzi, na kona ya nne anaiacha wazi, ya sindano ya mwenzake.