Shahidi wa Nyumba Yangu Mwenyewe

Mdogo wangu ni fundi cherehani. Hupima kitambaa mara tatu kabla ya kukata. Mimi nilikata bila kupima, ndiyo maana nakaa chumba cha kupanga chenye dirisha linalotazama choo cha jirani.

Nieleze kwanza yangu, nisije nikaonekana mwenye wivu. Wivu ninao, lakini una sababu. Nilifua nguo za watu miaka kumi na minne, nikauza na kiwanja nilichoachiwa na mama, mume wangu akaongeza vyake, tukanunua nyumba. Siku ya kuandikishana nikaambiwa, "Weka dole gumba hapa." Nikaweka, tena kwa tabasamu. Miaka sita baadaye, alipoleta mke mwingine na kunionyesha mlango, ndipo niliposomewa ile karatasi. Mnunuzi alikuwa yeye. Mimi nilikuwa shahidi. Yaani nilithibitisha kwa dole langu kwamba mume wangu amejinunulia nyumba! Kusoma nimejifunza baadaye, ukubwani, kwa hasira.

Sasa mdogo wangu na mumewe, dereva wa lori, mtu mwema mwenye usingizi mwingi, wakapata nyumba ya vyumba vitatu. Ilikuwa ya mjane aliyekuwa akihamia kwa bintiye. Shemeji alikuwa na akiba yake ya barabarani. Mdogo wangu naye akauza kiwanja chake cha urithi, kilichopakana na kile changu. Hana kingine duniani ila cherehani.

Tukiwa tunakunywa chai kwao, akamwambia mumewe, "Baba watoto, nataka iandikwe nani ameweka nini."

Shemeji akatua kikombe. "Kwani tunaachana lini?"

"Sijui. Mwenye safari ni wewe."

"Mke wangu, mapenzi hayaandikwi."

"Mapenzi usiandike. Andika nyumba."

Dada wa shemeji alikuwepo, amekunja miguu kitini kama mwenye mji. "Mwanamke anayetaka karatasi," akasema, "ameshafunga mizigo."

"Wifi, nyumba yako wewe imeandikwa jina la nani?"

"Langu!"

"Na mizigo umeifungia wapi?"

Wifi akakumbuka kwamba ameacha nguo kwenye kamba, akaaga. Shemeji akacheka mpaka akapaliwa na chai, akakubali.

Kwa wakili nilikwenda nao, tukamkuta mjane ameshafika. Nilivaa viatu vya kufunga kamba, iwapo ingebidi kukimbia na karatasi. Wakili alikuwa kwenye simu, akatuashiria kwa karani wake, msichana mwenye kucha ndefu, aliyetuwekea kurasa nne mezani. Kwetu shule walikwenda wavulana, kwa hiyo msomaji alikuwa shemeji. Akasoma ukurasa wa kwanza, akapiga miayo, akasema uko sawa.

Karani akafunua wa mwisho. "Mama, dole lako hapa."

Mdogo wangu akachovya dole kwenye wino, na mimi nikapaona mahali pale. Kusoma nilikuwa sijajifunza bado, lakini mahali pale nilipajua kama ulimi unavyojua jino bovu: chini kabisa, kushoto, kwenye mstari mfupi.

"Usiguse!"

Mjane akaangusha mkoba. Dole la mdogo wangu likabaki hewani, jeusi.

"Dada, kuna nini?"

"Hapo niliwekwa mimi! Wakili, kata simu. Hapo pameandikwa nini?"

Wakili akavaa miwani, akatazama, akaivua, akamgeukia karani. "Pameandikwa shahidi."

"Nimetumia fomu ya siku zote," karani akasema. "Wake huwa wanakaa hapo."

"Na wanakaa mpaka lini?" nikamuuliza.

Shemeji alikuwa macho kabisa sasa. "Shemeji, naapa sikujua."

"Naamini. Wangu alijua, wewe umesinzia. Dole lingekaa pale pale."

Karatasi ikaandikwa upya, wakili akaisoma mwenyewe kwa sauti. Wanunuzi wawili: mafungu matatu ya mke, kwa kiwanja cha mama yake, mawili ya mume. Shemeji kusikia jina lake likitajwa pamoja na mafungu yake, akanogewa.

"Andika na tangi la maji, nanunua mimi. Na kufuli la geti. Na taa ya uani."

"Na mapazia ni yangu," akadakia mdogo wangu. "Akinikorofisha nayatoa, majirani wamwone akivaa nguo."

Wakili akasema karatasi imejaa.

Wakaweka dole na sahihi juu, kwenye mistari mirefu. Karani akakohoa. "Bado tunahitaji shahidi."

Wote wakanitazama. Nikamwambia karani anisomee kwanza, mwanzo mpaka mwisho. Akasoma. Nikamwambia arudie. Akarudia.

Ndipo nikaweka dole langu pale pale, chini kushoto. Mara hii karatasi ilisema kweli: nyumba haikuwa yangu.