Pembe Iliyoita Watu Bure

Shule niliishia darasa la nne. Mdomo wangu ulikuwa mzito tangu utotoni. Nikiulizwa jambo mbele ya watu, jibu hunijia kesho yake. Ndiyo maana niliitamani kazi ya redio. Fundi hukaa na nyaya zake, hakuna wa kumsemesha.

Fundi mmoja wa Same, enzi hizo za Mwingereza, alinipa masharti mawili. Nitengeneze kasha la kutoa sauti nzito ya kufika mbali, na nilete barua ya jumbe, mkuu wa kijiji chetu cha Mhezi, kuhusu tabia yangu. Akaniazima spika nne ndogo zilizotolewa kwenye redio mbovu, redio moja nzima na betri ya gari. Nilivipandisha mlimani kwa safari mbili.

Spika ndogo ikiwa peke yake hulia kama nyuki ndani ya chupa. Lakini kanisani niliona tarumbeta kubwa inavyonguruma, na anayeipuliza ana mdomo wa kawaida kama wangu. Siri ni njia ya pumzi: huanza nyembamba, ikapanuka polepole. Niliipima kwa uzi. Sauti niliyoitaka ilihitaji njia ya hatua nne, na nyumba yetu haikuwa na nafasi hiyo, kwa hiyo nikaikunja mara tatu ndani ya kasha la mbao, kama utumbo. Spika zote nne nikazielekeza kwenye koo moja.

Mara ya kwanza kasha lilikohoa tu. Siku tatu sikujua kwa nini. Mwishowe niligusisha betri ya tochi kwenye kila spika: tatu, karatasi ya usoni iliruka mbele; moja ikarudi nyuma. Wenzake wakisukuma, yeye anavuta. Nikageuza nyaya zake.

Jumamosi asubuhi niliweka kasha mlangoni, mdomo ukitazama bondeni, nikafungulia muziki wa dansi. Vikombe vya mama vilitembea juu ya meza. Nilicheka peke yangu.

Sikujua kwamba sauti nyembamba hufia njiani. Uimbaji na magitaa viliishia kwenye migomba yetu. Kilichovuka bonde ni ule mguno tu, buu, buu, na watu wa ng'ambo hawakusikia dansi, walisikia gunda. Kwetu pembe hiyo ikiguna vile ni wito wa msaragambo: kila nyumba itoe mtu na jembe kwa kazi ya wote, na asiyefika huchukuliwa mbuzi.

Wakaja. Ua ulijaa majembe.

"Kazi iko wapi?" aliuliza mama mmoja, jasho likimtoka. "Nimeacha chungu motoni."

Nilionyesha kasha kwa kidole.

"Tulime sanduku?"

Wakacheka. "Msubiri, mama," alisema kijana wa rika langu. "Huyo atakujibu Jumatatu."

Jumbe alifika wa mwisho, akihema, maana yeye ndiye mwenye amri ya gunda na hakuwa ameitoa.

"Shikamoo, baba."

Hakuitikia. "Nani amepiga?"

Maneno nilikuwa nayo, yamepangika kichwani: si gunda, baba, ni redio, ile sauti nyingine imefia njiani. Kilichotoka ni, "Mimi."

Jumbe alisema watu waliokwisha kutoka hawarudi bure. Akawapeleka kwenye ndiva, bwawa letu la kumwagilia, ambalo lango lake lilikuwa limeoza. Mbao za lango jipya zilipatikana palepale uani, kwenye kasha langu. Walizing'oa kwa majembe, nami nikazibeba, kwa sababu mikono yangu ilikuwa mitupu. Jioni nilimfuata jumbe kuhusu barua.

"Niandike nini?" alisema. "Kwamba unaita watu ovyo?"

Jumatatu niliteremka Same na spika ndani ya gunia; redio na betri vingefuata safari ya pili.

"Lilisikika mpaka wapi?" fundi aliuliza.

"Ng'ambo ya bonde, mzee."

Aliacha kazi iliyokuwa mkononi, akanitazama vizuri, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. "Kwa spika hizi?"

"Ndiyo."

"Barua iko wapi?"

"Sina," nilisema, nikafungua gunia. Kisha akazipokea spika moja moja, akaniomba niwapishe waliosimama nyuma yangu.