Mwalimu Kunegunda na mtoto aliyempa sifuri

Ni saa moja na nusu asubuhi. Darasa la tatu la shule moja ya msingi katika kata ya Mpitimbi, Songea Vijijini, lina watoto 87 na madawati 31. Mwalimu Kunegunda Nyoni hayupo mbele ya ubao. Ameketi barazani na mtoto mmoja, katikati yao kuna sahani ya punje za mahindi.

“Zilikuwa ishirini na tano. Umejuaje zimebaki kumi na saba?” anamuuliza.

“Nimetoa nane, nikahesabu hizi, madamu,” anajibu Majidi, mwenye miaka tisa.

Ndani, wenzake wanasoma katika vikundi vya wanne wanne. Mwalimu anaandika mstari mmoja kwenye daftari nene ambalo kila mtoto ana ukurasa wake: anachoweza, na ambacho bado. Kisha anamwita mwingine. Kuwamaliza wote humchukua siku tisa za shule, halafu anaanza upya.

Kunegunda ana miaka 51 na huu ni mwaka wake wa 26 kazini. Hakuanza hivi.

“Karatasi za mitihani zilikuwa shida,” anasema. “Nilikuwa nasoma maswali kwa sauti, watoto wanaandika majibu. Nasahihisha, naweka alama, basi.”

Mwaka 2016, mmoja wa waliopata sifuri kila mara alikuwa Lightness, aliyeketishwa nyuma kwa sababu ya urefu wake. Mwalimu alimsimamisha mbele ya wenzake. Alikuwa ameshamrudisha darasa mara mbili. Kwenye ripoti yake ya mwisho aliandika: “Mvivu. Hazingatii.” Muhula uliofuata, akiwa na miaka 12, Lightness hakurudi shule.

Miezi michache baadaye, Jumapili moja baada ya misa, Kunegunda alimwona mbele yake uwanjani. Alimwita mara mbili. Msichana hakugeuka. Aliyegeuka ni mama yake, Suzana.

“Hasikii vizuri, mwalimu. Tangu alipougua surua akiwa mdogo,” alisema mama huyo. “Mimi nilidhani mnajua.”

Mwalimu anafika hapo katika kusimulia. Anakunja ukingo wa kitenge chake, anaukunjua.

“Miaka mitatu nilikuwa naye darasani. Miaka mitatu! Hata siku moja sikukaa naye karibu nikamuuliza jambo.”

Baadaye alihudhuria mafunzo ya walimu mjini Songea, kuhusu kumpima mtoto hatua kwa hatua badala ya kungoja mtihani. Wengine waliandika maelezo. Yeye, anasema, alikuwa akimwona Lightness tu.

Aliporudi na njia yake mpya, mwalimu mkuu, Thadei Gama, hakufurahi. Darasa la Kunegunda lilikuwa nyuma ya ratiba.

“Nilimwambia, madamu, wazazi wanataka alama na nafasi ya mtoto. Tutawapelekea punje za mahindi?” anakumbuka Thadei.

Mabishano hayo yalidumu miaka. Machi mwaka huu, Thadei alikuja barazani na karatasi ya Majidi: hesabu, nane kati ya hamsini. Kunegunda alimwomba aketi, amsomee mtoto maswali yaleyale polepole. Majidi alikosa mawili tu. Hesabu alikuwa anaziweza. Kusoma ndiko kulikomshinda.

“Niliona aibu,” anasema Thadei. “Tulimpima kusoma, tukamwandikia amefeli hesabu.”

Tangu hapo, ripoti za darasa la tatu zina alama na pia maelezo ya mwalimu. Majidi anafundishwa kusoma kila siku, dakika ishirini.

Lakini yapo yasiyorekebishika kwa daftari. Juni, Kunegunda alikwenda kwa kina Lightness kuomba radhi. Msichana huyo, ambaye sasa ana miaka 21, analima mahindi na mama yake. Tulipomtembelea, Suzana aliyarudia maswali yetu karibu na sikio lake la kushoto.

“Majibu mengi nilikuwa nayo,” Lightness alituambia taratibu. “Maswali ndiyo sikuyasikia.”

Amemsamehe mwalimu wake? “Alikuja mpaka hapa,” alisema. Shuleni hataki kurudi, hata kwenye madarasa ya watu wazima.

Januari, darasa la kwanza litakapoanza, Kunegunda anataka kila mtoto apimwe masikio na macho kabla ya kupewa swali lolote. Leticia, muuguzi wa zahanati ya kijiji, amekubali kuja, na mwalimu mkuu ametoa siku nzima. Wazazi wataitwa pia.

Kunegunda amemwomba Lightness aje siku hiyo awaeleze akina mama ilivyokuwa kuketi kule nyuma. Bado hajajibiwa.

“Nimemwambia akikataa ni haki yake,” anasema mwalimu. “Ila nitamwekea kiti cha mbele.”